Seramu Mbili za Peptidi: Ipi Ikufae?

Peptidi ni vipande vifupi vya protini, navyo hutiwa katika seramu za uso ili kupunguza makunyanzi mepesi. Kampuni ya The Ordinary ya Kanada huuza mbili zinazokaribiana, na yaeleza kuwa haitumii viungo vya wanyama. Ya kwanza ina peptidi kadhaa pamoja na asidi ya hayaluroniki, ishikayo unyevu ngozini. Ya pili ina hayo yote, ikaongezwa peptidi za shaba asilimia 1; ndiyo sababu ni ya samawati na bei iko juu. Shaba haipatani na vitamini C wala asidi kali kwa wakati mmoja. Basi, dada, ukitaka unyevu na ulaini, ya kwanza yatosha. Hakuna iliyoundwa kubadili rangi uliyojaaliwa na Mola.