Maua ya mwaka mmoja yasiyokufa Kindu

Kopo la maziwa ya unga lilikuwa linalia lenyewe. Lilianikwa juani kwenye baraza moja ya mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, kifuniko kimebanwa, na mara kwa mara kitu kiligonga bati kwa ndani: ta! Nikadhani ni panya. Mwenye nyumba, mama mshonaji, akacheka na kulifungua. Ndani mlikuwa na mbegu.

Zilikuwa za ule mtambaa wa maua ya rangi ya chungwa yenye koo jeusi, tunaoukanyaga kila siku kando ya njia. Wataalamu huuita Thunbergia alata. Tunda lake lina umbo la kichwa cha ndege, mviringo chini, mdomo mrefu juu. Likikauka, mdomo hupasuka kwa kishindo na mbegu huruka mbali. Kwa hiyo, anasema mama, ukingoja likaukie juu ya ua wa mianzi, utaokota nini? Ukilichuma bichi, mbegu haioti. Yeye hulivizia linapoacha ukijani, hulichuma asubuhi na kulifungia koponi lijipasulie humo. Alinitilia mbegu moja kiganjani: ngumu, nyeusi, upande mmoja mviringo, mwingine umebonyea katikati. Shika vizuri, mwanangu, hiyo ina mbio.

Huziloweka usiku kucha. Mwezi wa tisa, mvua zikirudi, huzifukia mbili mbili chini ya ua wa mianzi, kina cha ncha ya kidole. Chipukizi huchukua wiki mbili, pengine tatu.

Jambo lililonikera ni hili. Ulaya mbegu hizi huuzwa kwa pakiti kama maua ya mwaka mmoja, kwa sababu baridi huyaua. Kindu, nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, baridi hiyo itoke wapi? Hapa mmea huendelea miaka. Hata hivyo mama huung'oa wote kila kiangazi. Mashina ya zamani, anasema, hugeuka kuni, hulemea mianzi, hualika nyoka, na maua hupungua. Majirani huona ni wazimu: kung'oa kitu kizima, kisha kukipanda upya, na wala hakiliwi! Mimi nilimwelewa haraka. Huko Australia na Hawaii, ambako hakuna wa kuung'oa kwa wakati, umekuwa gugu linalofunika miti.

Safari ya mmea huu kwenda Ulaya ilianzia pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1824 Wenceslas Bojer, mtaalamu wa mimea kutoka Bohemia, alizuru Unguja na Pemba, akaukuta huko. Mwaka uliofuata ua hili likachapwa London katika Curtis's Botanical Magazine. Leo mzungu hununua punje chache kwa pesa. Kindu mbegu hizo haziuzwi popote. Je, zingeuzwa, nani angenunua?

Mama hana habari na biashara. Analo shina moja lenye maua meupe, na kila akipanda mbegu zake, rangi ya chungwa inarudi. Anawashuku nyuki. Mwezi wa tisa atazipeleka Alunguli kwa dada yake, ng'ambo ya Lualaba, mbali na ua wake. Dada amekwisha kumwambia kwamba vichaka vya huko navyo vimejaa ya chungwa. Nauli ya mtumbwi ameshaiweka kando.