Je, Wajua? Ndege za Vita Zilizoangukia Maji Yetu

Sogea karibu, jirani wa Himbi! Ziwa Kivu hilo lililo mbele yako liliwahi kuwa uwanja wa Vita Kuu ya Kwanza: Septemba 1914 Wajerumani waliteka Kisiwa cha Idjwi. Vita hivyohivyo vilileta ndege kwenye maziwa na mito yetu. Nyingine zilianguka. Na waliokuwa ndani je? Sikiliza maajabu!

Je, wajua kwamba Kongo iliona ndege za mabomu tangu 1916? Zilikuwa nne, aina ya Short, za kurukia na kutua majini, Wabelgiji wameziazima kwa Waingereza. Zilikuja vipandevipande ndani ya masanduku, zikavuka nchi nzima kwa reli na kwa mto, zikaunganishwa kando ya Ziwa Tanganyika, karibu na Kalemie ya leo!

Unajua zilitumwa wapi? Kigoma! Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon walivuka ziwa kuipiga mabomu meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen. Risasi za adui hazikumpata Behaeghe. Ugonjwa ndio uliompata: alifia hukuhuku Kongo, mwaka uleule.

Je, wajua kwamba mzinga mkubwa wa Götzen ulitoka baharini? Ulikuwa wa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha kwenye delta ya Rufiji, Tanzania ya leo. Na hapo Rufiji ndipo ndege zilipoanguka moja baada ya nyingine. Twende!

Wa kwanza kuiona Königsberg kutoka angani hakuwa askari wa kazi! Alikuwa Dennis Cutler, rubani wa kiraia ambaye Waingereza walimkodi Afrika Kusini mwaka 1914. Rejeta ya ndege yake ilipoharibika, mafundi walichukua nyingine, na usishangae: ilitoka kwenye gari la Ford, Mombasa!

Bahati ya Cutler iliisha Desemba 1914. Injini ilizima, akatua mtoni, Wajerumani wakamkamata. Wenzake walifika na mashua, wakaifunga kamba ndege yake na kuivuta hadi baharini huku risasi zikiwamiminikia. Ndege ikarudi, rubani akabaki kifungoni!

Hebu pata picha hii. Ni tarehe 11 Julai 1915, rubani Mwingereza Cull na mwenzake Arnold wako juu ya Rufiji, wanawaelekeza wapiga mizinga wa Kiingereza. Ndege inapigwa, inashuka bila injini, na Arnold bado anagonga redio kuwaambia wenzake walenge wapi! Maelekezo hayo yaliendelea kuyasogeza makombora kwenye shabaha, na siku hiyohiyo Königsberg ikaisha.

Na wao? Ndege ilipinduka majini, Cull akazama nayo akiwa bado kafungwa mkanda. Alijinasua, akaibuka, na mashua ikawaokoa wote wawili. Wazima kabisa!

Sasa kaa vizuri, maana hiki ni kisa chenyewe. Tarehe 6 Januari 1917 injini ya ndege ya Waingereza wawili, rubani Edwin Moon na Kamanda Richard Bridgeman, ilikufa juu ya delta hiyohiyo. Walitua, wakaiharibu ndege isimfae adui, wakaanza kutafuta njia ya kurudi baharini.

Chakula chao kilikuwa karibu nazi tupu! Walivuka kwa kuogelea vijito vyenye mamba, saa baada ya saa, na mamba hawakuwagusa. Mwisho wakaunda chelezo, wakafika mlangoni mwa mto, na mkondo ukawapitiliza hadi bahari kuu. Bridgeman akaishiwa nguvu, akafa. Moon akasukumwa ufukweni akiwa hoi, akakamatwa.

Je, wajua kwamba Moon alikuwa amejiundia ndege yake mwenyewe kule Southampton, 1910? Aliokoka mamba, bahari na kifungo, akarudi Uingereza na nishani. Kisha Aprili 1920, vita vimekwisha, akafa katika ajali ya ndege ya majini nchini mwake!

Bado unapumua? Basi pokea hili: Novemba 1917 meli ya angani ya Kijerumani L59 iliondoka Bulgaria kuwapelekea wanajeshi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, tani 15 za shehena. Ilikuwa na urefu wa mita 226, ndefu kuliko viwanja viwili vya mpira! Ilifika Sudan, ikaamriwa kurudi, na ilikuwa imekaa angani saa 95 mfululizo.

Miezi michache baadaye iligeuzwa ya kubeba mabomu. Tarehe 7 Aprili 1918, ikielekea kuishambulia Malta, iliwaka moto juu ya bahari, na nyambizi ya Wajerumani wenyewe ikauona moto ule. Watu 21 walikuwa ndani. Hakupona hata mmoja.

Na ile Götzen iliyopigwa mabomu na ndege kutoka Kongo? Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916. Waingereza wakaiibua 1924, wakaiita Liemba, nayo ikabeba abiria wa Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi. Ndiyo, jirani: ukikutana na mtu aliyewahi kupanda Liemba, mwambie alisafiri ndani ya shabaha ya Behaeghe!