Bustani yako na afya yako wakati wa baridi

Majani yameanza kuanguka hapa Uingereza, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma. Wenye kijibustani nyuma ya nyumba wanauliza kama waache kila kitu mpaka Aprili. Hapana, kazi ipo. Ila ujue kwamba baridi inabadilisha namna mwili unavyoipokea kazi hiyo, na wengi wetu hatukulelewa nayo.

Tuanze na mboga. Mchicha hauna ujanja, jalidi ya kwanza tu inaulaza chini mweusi, kwa hiyo uchume wote mapema na uweke mbegu. Sukuma wiki ni kinyume chake. Ukipigwa na baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari, ndiyo maana wa Desemba unakuwa mtamu kuliko wa Agosti. Usiung'oe. Oktoba na Novemba ndio wakati wa kupanda vitunguu saumu, punje moja moja, ncha ikitazama juu, uvune mwezi wa saba.

Majani makavu usiyaache juu ya nyasi wala kwenye njia ya kupitia, maana yakilowa yanateleza kama ganda la ndizi, na mtu mzima akianguka nyonga inaweza kuvunjika. Yakusanye kwenye mfuko uliotobolewa matundu. Baada ya mwaka mmoja au miwili yatakuwa mboji nzuri. Kuyachoma sikushauri. Moshi wake ni mbaya kwa mwenye pumu, na nungunungu wadogo wa hapa hujificha ndani ya rundo.

Sasa udongo. Vaa glavu. Vijidudu vya pepopunda vinakaa ardhini, na mwiba mmoja wa waridi unatosha kuviingiza. Hapa wanahesabu chanjo tano ndio kinga kamili. Kama ulikuja ukubwani na hujui ulichanjwa ngapi, muulize nesi kwa GP wako. Udongo wa kununua kwenye mifuko nao una bakteria aina ya Legionella wanaoweza kuleta homa ya mapafu. Mwaka 2013 kule Scotland watu kadhaa waliugua kwa njia hiyo. Fungua mfuko nje, uso ukiwa mbali, nyunyizia maji kidogo vumbi lisiruke, kisha nawa mikono kabla ya kula au kuvuta sigara.

Kuna jambo nalisikia mara kwa mara: "Mimi nalima bustani, jua napata, vitamini D sina shida." Ndugu yangu, kuanzia Oktoba mpaka mwanzo wa Machi jua la hapa halina nguvu ya kuifanya ngozi itengeneze vitamini hiyo, hata ukishinda nje. Ushauri wa serikali ni mikrogramu 10 kwa siku miezi hiyo, na sisi wenye ngozi nyeusi tunashauriwa kuzitumia mwaka mzima. Vidonge vyake ni bei rahisi.

Lakini jambo lililonifanya niandike ni theluji. Mzee wetu mmoja, mwenye presha ya miaka mingi, aliamka saa moja asubuhi akachukua beleshi kusafisha njia ya mlangoni, kabla hata ya chai. Alisikia kifua kinabana. Akaingia ndani, akasema ni kiungulia, akanywa maziwa, akajilaza. Alikaa hivyo saa nne mpaka binti yake alipokuja. Alipona, lakini moyo wake haukurudi kama zamani, na leo ngazi za nyumbani anazipanda kwa vituo.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Baridi inabana mishipa ya damu, presha inapanda. Wakati huohuo unanyanyua mzigo kwa mikono, pengine umebana pumzi, na moyo unadaiwa kazi kubwa ghafla. Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo amwachie kijana kazi hiyo, siyo aibu. Mwenye afya naye apashe mwili moto kwanza ndani, avae nguo za tabaka tabaka, asukume theluji badala ya kuibeba, na apumzike kila dakika chache.

Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi, shingoni au tayani, jasho la baridi likitoka, au pumzi ikikatika, piga 999 hapohapo. Akina mama hasa wasisubiri maumivu makali, wakati mwingine huanza kwa kichefuchefu na uchovu tu. Usijiendeshe mwenyewe hospitali.

Njia ukishaisafisha, mwaga chumvi au mchanga. Maji ya moto ya birika usimwage hata kidogo. Yanaganda upya yakawa kioo. Na yule jirani anayesema ukisafisha utashitakiwa mtu akianguka, hakuna sheria inayokukataza. Safisha kwa uangalifu tu. Chumvi isifike kwenye mimea, inaichoma mizizi. Nyasi zilizoganda nazo usizikanyage, alama za miguu zitabaki za kahawia kwa muda mrefu.

Kabla baridi kali haijaingia, funga bomba la nje na utoe maji yote kwenye mpira. Vyungu vya udongo vinyanyue juu ya matofali, vikikaa kwenye maji vinapasuka.