Kutoka ubao wa magurudumu hadi umiliki wa kampuni: Safari ya Rob Dyrdek na somo lake kwa vijana wa Kolwezi

Kolwezi kila mtu anajua tofauti kati ya jiwe na shaba. Jiwe hutoka shimoni likiwa na udongo, hutiwa guniani na kupelekwa depo. Huko mnunuzi ndiye mwenye mizani, ndiye mwenye mashine ya kupima kiwango cha madini, na ndiye anayetaja bei. Mchimbaji hupokea pesa zake siku hiyo, kisha hurudi shimoni. Faida kubwa hubaki kwa wenye viwanda.

Umaarufu wa televisheni nao una soko linalofanana na hilo. Kijana hung'aa kwenye kipindi, hulipwa, na kipindi kinapokwisha hubaki na picha kwenye simu. Mmarekani Rob Dyrdek ni mmoja wa wachache walioiona hatari hiyo mapema.

Dyrdek alizaliwa mwaka 1974 huko Kettering, jimbo la Ohio, mbali na ufuo wa California ambako mchezo wa skeitibodi, yaani ubao wenye magurudumu manne, ulianzia. Alipofika umri wa miaka 16 alikuwa mchezaji wa kulipwa. Aliacha shule na kuhamia California, akaungana na kampuni ya viatu ya DC Shoes, iliyouza viatu vyenye jina lake.

Mwili wa mchezaji wa skeitibodi haudumu. Vifundo huvunjika, magoti huchoka, na wadogo wanaoruka juu zaidi hufika kila mwaka. Dyrdek alihitaji njia nyingine ya kula.

Mlinzi aliyegeuka nyota

Njia hiyo ilianza kwa kichekesho. Wachezaji wa mitaani hufukuzwa mara kwa mara na walinzi wa majengo. Dyrdek akamwajiri mlinzi wake mwenyewe, Christopher Boykin, mtu wa mwili mkubwa aliyejulikana kama Big Black, ili azungumze na walinzi hao huku yeye akiendelea kucheza. Urafiki wao ulizaa kipindi cha uhalisia cha Rob & Big, kilichorushwa na MTV kuanzia 2006 hadi 2008. Boykin alifariki dunia mwaka 2017.

Kipindi kilipokwisha, Dyrdek hakungoja kuitwa tena. Mwaka 2009 alianza kingine, Fantasy Factory, ndani ya ghala kubwa mjini Los Angeles lililokuwa na uwanja wa skeitibodi pamoja na ofisi zake. Mtazamaji alicheka michezo ya hatari, lakini wakati huohuo alikuwa akiona miradi ya Dyrdek ikizaliwa mbele ya kamera. Badala ya kuuza maisha yake kwa televisheni peke yake, aliitumia televisheni kutangaza mali yake.

Mwaka 2010 alianzisha Street League Skateboarding, ligi ya kulipwa iliyowapa wachezaji zawadi kubwa na sheria za alama ambazo hata mtazamaji wa kawaida anaweza kuzifuata. Mwaka 2011 ukaja Ridiculousness, kipindi cha kuchekesha kinachoonyesha video za intaneti. Mwaka 2020, vyombo vya habari vya Marekani vilihesabu kwamba katika wiki moja MTV ilirusha kipindi hicho kwa saa 113 kati ya saa 168. Dyrdek hakuwa mtangazaji tu: alikuwa pia mmoja wa waanzilishi wa Superjacket, kampuni ya kutengeneza vipindi iliyokuwa nyuma yake.

Mwaka 2016 alianzisha Dyrdek Machine, kampuni inayosaidia kujenga biashara nyingine tangu wazo lake la kwanza, ikichukua hisa ndani yake. Leo anajulikana pia kwa tabia ya kuandika saa zake zote: za kazi, za familia na za usingizi.

Jirani yetu Idris

Afrika Mashariki ina mfano wake. Desemba 2014, Mtanzania Idris Sultan alishinda Big Brother Africa na dola 300,000. Huo ulikuwa msimu wa mwisho wa shindano hilo. Jukwaa lililompa jina likatoweka. Idris aligeukia vichekesho, redio na filamu, na aliingia pia katika biashara ya viatu vyenye jina lake. Kama angetegemea ushindi ule peke yake, leo wengi wangekuwa wamemsahau.

Ni nani mwenye mizani?

Si haki kumwambia kijana wa Kasulo au Musonoie afanye kama Dyrdek. Marekani kuna benki zinazokopesha, wawekezaji na soko la watu wenye pesa. Hapa umeme hukatika na mtaji hupatikana kwa shida.

Lakini swali la umiliki si geni kwetu. Kongo hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na bado bei ilipoporomoka haikuwa na la kusema. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, na Oktoba ikaweka viwango maalumu vya kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Ni nchi nzima ikijaribu kushika mizani yenyewe.

Kwa kijana mwenye sauti, mchezo wa mpira au wafuasi wengi kwenye simu, mizani huanza na mambo madogo. Mkataba usomwe kabla ya kutiwa saini. Jina na ukurasa wa mtandaoni vibaki mikononi mwake. Anapotangaza bidhaa za watu, awe na yake pia, hata kama ni fulana kumi. Kongo imo katika jumuiya ya sheria za biashara ya OHADA tangu 2012, na sheria hizo zinamruhusu mfanyabiashara mdogo kujitambulisha kwa tamko tu, bila kwanza kuunda kampuni.

Dyrdek alikuwa na ubao, rafiki na kamera. Kamera haikuwa yake, na alijua siku moja itazimwa. Vijana wengi wa Lualaba wameshaona shimo likifungwa ghafla, na wanajua anayebaki mikono mitupu ni nani.