Banda Likijaa, Uzito Hupungua: Hesabu ya Nafasi kwa Mfugaji wa Kuku wa Nyama

Kila mwezi wa Ramadhani unapokaribia, familia nyingi za mijini zenye chumba cha ziada uani hupiga hesabu ya aina moja. Kuku wa nyama huchukua takriban wiki 5 kutoka kifaranga hadi soko, na mwezi wa funga una siku 29 au 30. Kwa hiyo vifaranga wakiingia bandani siku tano hivi kabla ya mwandamo, kuku watakuwa tayari kwa ajili ya mkesha wa Idd, wakati ambapo hata jirani asiyekula kuku mwaka mzima humtafuta. Hesabu hiyo ni sahihi. Inayofuata ndiyo yenye mushkeli: ikiwa soko la Idd ni kubwa kiasi hicho, na chumba kinaonekana kitupu, kwa nini tuweke vifaranga 300 ilhali 450 wangeenea?

Swali hilo ni la haki, na anayeliuliza si mwenye tamaa. Mara nyingi ni mama wa nyumba anayetafuta ada ya shule ya muhula ujao, au kijana aliyepewa mtaji mdogo na wazee wake. Tena macho yake yanamdanganya kwa namna ambayo ni vigumu kumlaumu. Kifaranga wa siku moja ana uzito wa gramu 40 hivi. Vifaranga 300 waliozungushiwa ubao pembezoni mwa chombo cha joto hujaa eneo lisilozidi mikeka michache, na sehemu kubwa ya sakafu hubaki wazi. Mwenye banda huitazama sakafu ile akaona nafasi inayopotea bure. Asichokiona ni kwamba baada ya siku 35 kifaranga yule atakuwa na kilo 2 au karibu yake, yaani uzito wake utakuwa umeongezeka mara 50, ilhali kuta za chumba zitakuwa palepale.

Ndiyo sababu kanuni inayorudiwa katika kila semina ya ufugaji, kuku 10 kwa mita moja ya mraba, ni nzuri lakini haitoshi. Inahesabu vichwa. Wataalamu wa ufugaji mkubwa hawahesabu vichwa, wanahesabu kilo zitakazokuwa zimesimama juu ya kila mita ya mraba siku ya mwisho. Tuchukue chumba cha mita 6 kwa mita 5, ambacho kina mita za mraba 30. Kuku 300 wa kilo 2 watafanya kilo 20 kwa kila mita. Kuku 450 watafanya kilo 30.

Hapo msomaji aliyesoma habari za ughaibuni anaweza kuinua mkono. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2007 kuhusu kuku wa nyama linaruhusu kilo 33 kwa mita ya mraba, na kwa masharti maalumu kilo 39, hata 42. Kama Wazungu, wanaosifika kwa huruma zao kwa wanyama, wanaruhusu 33, sisi wa uani tuna kosa gani tukifika 30?

Jibu limo ndani ya masharti yenyewe. Anayetaka kuvuka kilo 33 sharti athibitishe kwamba hewa ya amonia kwenye usawa wa vichwa vya kuku haizidi sehemu 20 katika milioni, na kwamba joto la nje kivulini likipita nyuzi 30, joto la ndani halilizidi la nje kwa zaidi ya nyuzi 3. Masharti hayo hayatimizwi kwa dirisha moja la nondo. Yanahitaji feni kubwa na vipimo vinavyosomwa kila siku. Tena kamati ya wanasayansi iliyoishauri Tume ya Ulaya mwaka 2000 ilisema kwamba matatizo makubwa huepukika kwa kiasi kikubwa pale msongamano usipozidi kilo 25, na kwamba ukipita 30 matatizo huongezeka kwa kasi hata kwa mwenye mitambo mizuri. Wanasiasa ndio waliopandisha kiwango juu ya ushauri huo.

Utafiti unaonifunza zaidi ni ule uliochapishwa mwaka 2004 na Marian Dawkins wa Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na wenzake. Badala ya kufuga kuku wachache katika maabara, walizishawishi kampuni 10 kubwa zifuge kuku milioni 2.7 kwa misongamano mitano tofauti, kuanzia kilo 30 hadi 46 kwa mita ya mraba. Matokeo yaliwashangaza wengi. Tofauti kati ya kampuni na kampuni, yaani jinsi kila moja ilivyotunza joto, unyevu, matandazo na hewa, zilikuwa na uzito zaidi kuliko idadi ya kuku. Wapo waliolishika jambo hilo la kwanza wakasema nafasi haina maana. Hawakusoma hadi mwisho. Katika misongamano ya juu kabisa kuku walikua polepole zaidi, walisukumana zaidi, na wachache wao ndio waliotembea vizuri. Hayo yaliwapata wenye mitambo. Ikiwa hali ya hewa ya ndani ndiyo inayoamua, basi asiye na njia ya kuitawala anao uhuru mdogo zaidi wa kujaza banda lake.

Na tuitazame hiyo hali ya ndani, kwa sababu hapa ndipo uzito unapopotelea.

Kuku hatoki jasho. Joto la mwili wake ni nyuzi 41 hivi, na analipunguza kwa kuachia mbawa hewa ipite na kwa kuhema mdomo wazi, ili maji yakauke kwenye njia yake ya hewa. Kuku mmoja wa kilo 2 hutoa joto la zaidi ya wati 10 usiku na mchana. Kuku 300 basi ni sawa na pasi tatu za umeme zilizowashwa ndani ya chumba bila kuzimwa. Kuku 450 ni pasi nne na nusu. Juu yao liko bati lililopigwa na jua la mwezi wa Februari, na katika mwambao wetu wakati wa kaskazi hewa yenyewe imejaa unyevu, kwa hiyo hata kule kuhema hakumsaidii sana. Wakijibanana ubavu kwa ubavu, hewa haipiti kati yao, na kila mmoja anampasha mwenzake. Kuku aliyepatwa na hali hiyo hufanya jambo moja la busara: huacha kula. Kumeng'enya chakula kunazalisha joto, naye hana pa kulipeleka. Chakula kipo, kifua hakikui.

Lipo pia suala la maji, ambalo wafugaji wengi hawalifikirii. Kuku hunywa takriban maradufu ya uzito wa chakula anachokula. Katika wiki ya tano kuku 300 humaliza lita 90 kwa siku au zaidi, kama ndoo nne na nusu za lita 20. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka kwa kinyesi na pumzi. Kila siku, basi, mwenye banda anamwaga ndoo kadhaa za maji juu ya maranda yake bila kujua. Sakafu ikiwa na nafasi na hewa ikipita, yanakauka. Ndoo zikifika karibu saba, hayakauki. Maranda hugandamana kama keki, na vijidudu huanza kuigeuza mbolea kuwa amonia, hewa inayochoma macho na kuunguza njia ya hewa. Miguu inayosimama juu ya keki hiyo hupata vidonda chini ya nyayo, na vifua vinavyoilalia hubabuka. Kuku mwenye vidonda haendi kwenye chombo cha chakula mara kwa mara. Vijidudu vya kuhara damu navyo hupenda unyevu huohuo.

Mwenye banda huizoea harufu ya amonia, mgeni ndiye shahidi. Njia nyepesi ni kuchuchumaa asubuhi na mapema hadi pua ifike usawa wa kuku, kisha kuvuta pumzi. Macho yakiwasha, kiwango kimekwisha pita. Maranda nayo hupimwa kwa ngumi: chukua kiasi, kamua, fungua mkono. Yakisambaa polepole ni mazuri. Yakibaki bonge, yana maji mengi.

Sasa turudi kwenye hesabu ya mama yetu. Nitatumia tarakimu za mfano, na kila mtu aweke zake. Tuseme katika kuku 300 wamekufa 12, na 288 waliobaki wana wastani wa kilo 1.9 siku ya 35. Hizo ni kilo 547. Wametumia kilo 1.75 za chakula kwa kila kilo ya uzito, jumla kilo 957. Upande wa pili, katika kuku 450 wamekufa 45, na 405 waliobaki wana kilo 1.6 kila mmoja, jumla kilo 648. Kwa kuwa joto limewatesa, wametumia kilo 2.05 za chakula kwa kila kilo, jumla kilo 1,328.

Kwa mtazamo wa haraka, mwenye 450 ameshinda, maana ana kilo 101 zaidi. Ndiyo sababu kosa hili hujirudia: banda lililojaa kweli hutoa nyama nyingi zaidi kwa jumla. Lakini kilo hizo 101 zimegharimu vifaranga 150 na kilo 371 za chakula, ambazo ni zaidi ya mifuko saba ya kilo 50. Kila kilo ya ziada imekula karibu kilo 3.7 za chakula, zaidi ya maradufu ya kilo za kawaida. Ongeza chanjo na maranda ya kubadilisha. Isitoshe, mnunuzi wa Idd humshika kuku kifuani kabla ya kutaja bei. Kuku wa kilo 1.6 akishachinjwa na kunyonyolewa hubaki na kilo 1.2 hivi, na mnunuzi huyo atapita. Mwenye kuku itambidi angoje siku nne au tano wanenepe, wakila kila siku, na Idd haingoji.

Vifo navyo vina hesabu yake katika nyumba zetu. Kuku aliyezimia kwa joto saa nane mchana akafa kabla ya kisu ni kibudu. Hauzwi wala haliwi, hata angekuwa na kilo 3. Tena joto huua waliokua vizuri kwanza, kwa kuwa mwili mkubwa ndio wenye joto jingi la kutoa. Hasara huanzia kwa kuku bora.

Je, tuweke wangapi? Mtafiti Inma Estevez, aliyepitia tafiti nyingi mwaka 2007, alionyesha kwamba afya ya kuku huanza kuathirika pale wanapofika 14 hadi 16 kwa mita ya mraba, kutegemea uzito wa mwisho. Hizo ni tafiti za mabanda yenye mitambo. Kwa chumba cha kawaida cha pwani chenye kuta hadi juu, rai yangu ni kuku 8 wakati wa kaskazi, na 10 wakati wa kipupwe. Aliyeko Lushoto au Njombe, ambako tatizo ni baridi, anaweza kufika 12 iwapo hatafunga madirisha yote kwa kuogopa upepo. Aliyebomoa nusu ya ukuta akaweka nyavu, akapanda mti wa kivuli upande wa magharibi, amejinunulia nafasi ya kuku wawili zaidi kwa kila mita bila kununua ardhi. Kwa maoni yangu, hela ya kwanza ya faida iende huko, kabla ya kuongeza hata kifaranga mmoja. Na ukiongeza kuku, ongeza vyombo pia. Chombo kimoja cha kuning'iniza kwa kuku 40 hadi 50 ni kipimo cha kufaa. Pungufu ya hapo, wanyonge hula mabaki, na kundi linatoka na kuku wa saizi tatu.

Kwa anayeona uchungu kuacha sakafu wazi katika wiki za mwanzo, ipo njia ya halali ya kuitumia. Aweke 360 badala ya 300, akiwa amekwisha kupatana na wachuuzi au wapishi wa chipsi wanaotaka kuku wadogo. Siku ya 28 awatoe wakubwa 90, na waliobaki wapate nafasi ya kumalizia. Hata wafugaji wa Ulaya hufanya hivyo. Hatari yake ni kwamba watu huingia bandani na matenga yaliyotoka mabanda mengine, na mdondo husafiri pamoja nao. Kwa hiyo kuku wakabidhiwe nje ya mlango, usiku au alfajiri, na matenga ya wageni yabaki barabarani.

Mizani ndogo ya jikoni na daftari vitamwambia mfugaji mapema zaidi kuliko macho yake. Apime kuku 10, wa kuokota ovyo bila kuchagua, kila wiki siku na saa ileile. Mwisho wa wiki ya kwanza kifaranga awe amefikia walau mara 4 ya uzito aliokuja nao. Ikiwa wiki ya pili na ya tatu zimekwenda vyema, kisha siku ya 28 ongezeko limepungua ilhali chakula ni kilekile na hakuna ugonjwa, asibadilishe chakula wala asikimbilie dukani kununua vitamini. Achukue futi, apime chumba, azidishe idadi ya kuku kwa uzito wa wastani, agawe kwa mita za mraba. Jibu likizidi 20 katika chumba cha kuta, ampigie simu mchuuzi jioni hiyohiyo.