Juha Kalulu hadi Shujaaz: Kwa nini vibonzo vingine hudumu na vingine hutoweka

Katika mtaa wa Kware, eneobunge la Embakasi Kusini jijini Nairobi, gazeti halina mwenyewe. Asubuhi huwa mikononi mwa kinyozi, adhuhuri huwa kibandani kwa muuza chai, na kufikia magharibi huwa limekwisha kuraruliwa kufungia maandazi.

Watoto wa mtaa huo, uliopata jina lake kutokana na machimbo ya mawe ya ujenzi, wanaujua ukurasa wa kuwahi kabla haujaingia mafuta. Ni ule wa katuni. Kwa mtoto anayetoka katika nyumba isiyo na kitabu cha hadithi, huenda hapo ndipo anaposoma kwa mara ya kwanza bila ya kulazimishwa na mwalimu.

Kwa hivyo, swali la ni vibonzo gani vinavyowafikia wasomaji kama hao, na kwa lugha gani, si la mzaha. Historia ya sanaa hii katika Afrika Mashariki inaonyesha kwamba uhai wa kibonzo hautegemei ustadi wa mchoraji pekee. Hutegemea pia chombo kinachokibeba na lugha wanayoizungumza wahusika wake.

Mfano ulio wazi zaidi ni Juha Kalulu. Mchoraji Edward Gitau alimbuni mhusika huyo katika miaka ya 1950 kwenye jarida la Tazama, kisha akamhamishia Taifa Leo. Kama jina lake linavyodokeza, Juha ni mjinga wa kuchekesha ambaye kila ajaribulo humgeukia. Gitau alimchora kwa zaidi ya nusu karne, hadi alipofariki mwaka wa 2016.

Siri ya umri huo mrefu si ngumu kuieleza. Juha hakuuzwa peke yake. Aliyenunua gazeti kwa ajili ya habari alimpata ndani yake bila ya kuongeza senti. Aidha, alizungumza Kiswahili chepesi, na visanduku vichache vilitosha kukamilisha kisa. Aliyesoma kwa kubabaia aliweza kufika mwisho.

Kulikuwa pia na hadithi zisizochorwa kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana wa mijini walimhusudu Lance Spearman, maarufu kama Spear, jasusi mweusi mwenye kofia na tai ya kipepeo. Vituko vyake vilitolewa katika jarida la African Film la kampuni ya Drum, na vilisimuliwa kwa picha zilizopigwa kwa kamera, maneno ya wahusika yakichapwa juu yake. Kwa msomaji aliyezoea kuwaona Wazungu pekee wakiwa mashujaa, Spear alikuwa jambo jipya.

Mwaka wa 1973, mwanahabari Hilary Ng'weno na mchoraji Mwingereza Terry Hirst walianzisha jarida la Joe jijini Nairobi. Joe alikuwa mtu wa kawaida wa mjini, aliyeyakabili maisha magumu kwa kicheko. Ucheshi, hadithi fupi na vibonzo vilikaa pamoja katika kurasa zake, na waandishi chipukizi wa wakati huo walipata nafasi ya kuchapishwa. Hata hivyo, jarida hilo lilikoma mwaka wa 1979.

Hirst hakukata tamaa. Katika miaka ya 1980 aliongoza uchapishaji wa Pichadithi, mfululizo wa vitabu vilivyogeuza ngano za jamii za Kenya kuwa michoro. Jina lenyewe ni muungano wa maneno mawili, picha na hadithi. Miongoni mwa vitabu hivyo ni kile cha Lwanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na uhai wake ukafichika katika kivuli chake.

Licha ya kwamba Joe na Pichadithi zilihusu maisha na ngano za Wakenya, lugha yao kuu ilikuwa Kiingereza, nazo ziliuzwa peke yake. Mzazi wa kipato kidogo alilazimika kuchagua baina ya kibonzo na mkate.

Mchoraji Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyehamia Nairobi, alichukua njia nyingine. Katika Golgoti aliigeuza kuwa kichekesho hadithi ya Mzungu mvumbuzi barani Afrika, na katika Akokhan alibuni ulimwengu wa nguvu za ajabu zenye mizizi katika imani za Kiafrika. Kazi zake ziliwafikia Wakenya kupitia kurasa za magazeti. Odoi alifariki Aprili 2012 katika ajali ya matatu jijini Nairobi.

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania ilithibitisha uwezo wa Kiswahili katika fani hii. Chakubanga, mhusika wa mchoraji Christian Gregory, aliwachekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960. Baadaye jarida la SANI, lililopewa jina kutokana na majina ya waasisi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, liliwapa umaarufu wahusika kama vile Ndumilakuwili na Lodi Lofa.

Nchini Kenya, waliojifunza somo hili vizuri zaidi walikuwa watayarishaji wa Shujaaz, iliyozinduliwa Februari 2010. Kibonzo hicho kilitolewa bure, kikiwa ndani ya gazeti la Daily Nation na pia katika vibanda vya M-Pesa. Lugha yake ilikuwa Sheng, na kiongozi wa wahusika wake alikuwa DJ Boyie, kijana asiye na ajira anayeendesha kituo cha redio kwa siri.

Ndani ya kicheko mlifichwa maarifa. Kwa mfano, wasomaji walielezwa jinsi ya kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwatambue kuwa windo. Shujaaz ilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka wa 2012.

Wapo wanaolalamika kwamba Sheng huharibu Kiswahili. Malalamishi hayo yana uzito darasani, lakini hayajibu swali la Kware: mtoto atasoma nini? Dawa si kumpokonya kibonzo cha Sheng, bali ni kumwekea kando yake cha Kiswahili chenye mvuto sawa na bei atakayoimudu.

Jambo la pili ni uhifadhi. Kibonzo kinachosafiri ndani ya gazeti huwafikia wengi, lakini pia hufa pamoja nalo. Visa vya Juha ni maelfu, na kila kimoja kilichapwa kwenye karatasi ambayo kesho yake ilifungia kitu sokoni.

Nairobi ina pa kuanzia. Maktaba za umma za Kaloleni na Makadara, zote za Eastlands, zimefanyiwa ukarabati katika miaka ya karibuni. Rafu moja ya vibonzo vya zamani katika kila maktaba ingewapa watoto cha kusoma, na wachoraji chipukizi mahali pa kujifunza walipofikia waliowatangulia.

Hadi hapo, aliye na nakala za Joe, SANI au Pichadithi katika sanduku la marehemu baba yake asiharakishe kuziuza kwa kilo kwa mnunuzi wa magazeti makuukuu. Huenda ndizo zilizosalia.