« SS ni nani? » Vifupisho vya majina vinavyoleta matata kati ya wapenzi wa vitabu na filamu

Mtu anaandika ndani ya grupu la WhatsApp: « SS alikuwa mtu mwema. » Mmoja anakubali, mwengine anakasirika, wa tatu anauliza kama wanaongea juu ya mtu ao juu ya kitabu. Wote watatu wanaijua hadithi ya Harry Potter vizuri. Ila kila mmoja ameona kitu chake katika zile herufi mbili.

Mabishano ya namna hii yako mengi kati ya wapenzi wa filamu, katuni na vitabu. Mara nyingi watu hawapingani kwa mawazo. Hawasikilizani tu, juu kila mmoja anaongea juu ya mhusika mwengine.

Herufi mbili, maana tatu

Kwa wanaosoma kwa Kiingereza, SS ni Severus Snape, mwalimu wa dawa za uchawi. Lakini katika hadithi hiyohiyo kuko pia Salazar Slytherin, mmoja wa waanzilishi wanne wa shule ya Hogwarts. Tena huko Marekani kitabu cha kwanza kinaitwa Harry Potter and the Sorcerer's Stone, na kichwa hicho nacho watu wanakifupisha SS.

Kwetu Congo, lugha inazidisha ugumu. Wengi wanasoma na kutazama kwa Kifaransa, na katika tafsiri ya Kifaransa majina mengi yalibadilishwa. Snape aliitwa Rogue, basi kifupisho chake ni SR. Slytherin akawa Serpentard, akabaki SS. Kijana wa Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa akiongea na rafiki wa Kampala aliyesoma kwa Kiingereza, kila mmoja anaweza kusifu ao kulaumu mtu mwengine kabisa.

Hata yule mwovu mkubwa, Voldemort, ana majina mawili ya kuzaliwa. Kwa Kiingereza ni Tom Marvolo Riddle, TMR. Kwa Kifaransa ni Tom Elvis Jedusor, TEJ. Mtafsiri alikuwa na sababu: ukipanga upya herufi za jina hilo la Kifaransa, zinatoa « Je suis Voldemort », maana yake « Mimi ni Voldemort ».

Waliokua na katuni ya mpira « Olive et Tom » nao wanalijua jambo hili. Yule mchezaji wanayemwita Olivier Atton, kwa Kijapani ni Tsubasa Ozora. Ukiandika OA, aliyetazama kwa lugha nyingine hataelewa.

Na katika filamu za Spider-Man, MJ ya mwaka 2002 ni Mary Jane Watson. MJ ya mwaka 2017, aliyechezwa na Zendaya, ni Michelle, msichana mwengine. Na kwa mtu wa muziki, MJ ni Michael Jackson tu.

Kifupisho kilichotoboa siri

Wakati mwengine mwandishi mwenyewe njo anatumia kifupisho ili kuficha jambo. Mwaka 2005, mwishoni mwa kitabu cha sita cha Harry Potter, wasomaji walikuta barua yenye sahihi « R.A.B. » bila jina kamili. Walikisia kwa miaka miwili, mpaka kitabu cha saba kilipotoka mwaka 2007 na kuthibitisha: ni Regulus Arcturus Black, ndugu ya Sirius Black.

Lakini katika lugha fulani jina la Black lilikuwa limetafsiriwa. Kiholanzi kilisema Zwarts, basi barua ikawa na « R.A.Z. ». Kinorwe kilisema Svaart, ikawa « R.A.S. ». Kifini kilisema Musta, ikawa « R.A.M. ». Wasomaji walilinganisha tafsiri hizo, wakaona herufi ya mwisho inafuata jina la ukoo wa Black. Siri ikavuja mbele ya wakati.

Kwa nini watu wanafupisha?

Sababu ya kwanza ni kuokoa nafasi na wakati. SMS moja ya kawaida inabeba herufi 160. Ukizidisha, inahesabiwa kama mbili. Hata pale WhatsApp ilipoondoa mpaka huo, mazoea yalibaki. Sababu ya pili ni kujisikia mwenyeji: anayeelewa kifupisho ni wa ndani, asiyeelewa ni mgeni. Hapo njo mgeni anaogopa kuuliza, na kosa linaendelea.

Kwa filamu, hasara ni ugomvi mdogo. Lakini mazoea hayo hayabaki kwenye filamu. Kwa wapenzi wa Arsenal, AFC ni timu yao. Katika majimbo yetu, AFC ni pia Alliance Fleuve Congo, muungano wa kisiasa na kijeshi uliotangazwa Nairobi mwezi wa Desemba 2023. Ujumbe mfupi kama « AFC wameshinda », ukitumwa kutoka grupu la mpira mpaka grupu la familia, unaweza kutia watu woga usiku mzima.

Namna ya kuandika bila kupotosha

Kanuni ya waandishi wa habari inafaa hapa pia: mara ya kwanza andika jina kamili na kifupisho chake, kisha endelea na kifupisho peke yake. Kama majina mawili yanagongana, acha herufi na utumie sehemu ya jina: « Snape » ao « Salazar » inatosha. Kama filamu iko na matoleo mengi, taja mwaka. Kama grupu lina watu wa Kifaransa na wa Kiingereza, taja majina yote mawili mara moja.

Anayetuma ujumbe ili usomwe kwenye redio aandike jina lote, juu msikilizaji haoni alichokiandika mwenzake. Na kabla ya kumjibu mtu kwa hasira, muulize kwanza: « Unaongea juu ya nani? »